Nyumba ya magurudumu: msiniulize sebule, niulizeni choo

 Sisi tuko hapa London. Baridi imeanza kuachia na watu wameanza kuvua makoti.

Leo nina hoja. Wiki mbili hizi simu yangu haipumui. Binamu yetu wa Texas alituma picha za trela analolitaka, lile linaloitwa la gurudumu la tano, lina sebule kubwa kuliko ya kwangu na jiko lenye kisiwa katikati. Kundi zima la ukoo likalipuka: nunueni kama hilo! Wengine mkauliza, tena kwa uchungu kidogo, hela ya nyumba ya magurudumu inatoka wapi wakati nyumba ya Mama huko Pongwe haijatoka kwenye msingi.

Nitajibu yote mawili. Nianze na hela, maana najua ndiyo inayowauma.

Sisi kaya tatu za hapa mashariki mwa London tumekuwa tukichanga kila mwezi kwa mtindo wa upatu, ila badala ya kupokezana tumeacha chungu kijae. Tunataka kununua karavani moja iliyotumika, tuitumie kwa zamu. Karavani siyo msafara wa ngamia, jamani. Ni trela lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, unalivuta kwa gari mpaka baharini au porini, unaegesha kiwanjani, unalala. Kinachotusukuma ni likizo za shule. Hapa England huwezi kumtoa mtoto shuleni katikati ya muhula ukaenda kutembea. Tangu Agosti 2024 faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na usipolipa ndani ya siku 21 inakuwa 160. Kwa hiyo nchi nzima inatoka kwa pamoja wiki zile zile za kiangazi, na wenye nyumba za kupangisha ufukweni wanajua. Kaya yenye watoto watatu ikilipa bei ya Agosti mara mbili tatu, tayari imelipa sehemu nzuri ya karavani kuukuu.

Tena mwaka huu Mama anakuja Julai, na magoti yake mnayajua. Sitaki akae miezi miwili akitazama ukuta wa jirani.

Hela ya Pongwe ni fungu jingine na haijaguswa. Nitaifikia mwishoni, maana hoja yangu ya karavani inaihusu nyumba hiyo kuliko mnavyodhani.

TRELA LA TEXAS

Mkisimama pale Segera mkatazama semi zinazopita, mtaona kichwa cha lori kina sahani nene ya chuma mgongoni, na trela lina pini inayoingia kwenye sahani hiyo. Sahani hiyo ndiyo gurudumu la tano. Jina limetoka enzi za magari ya farasi: lilikuwa duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele ili gari liweze kukata kona. Wamarekani wameweka sahani hiyo kwenye karai la pikapu, wakalikalisha trela la kuishi juu yake. Uzito unakaa juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu badala ya kuning'inia nyuma ya bampa, ndiyo maana linatulia barabarani hata likiwa refu. Sehemu inayopanda juu ya pikapu kwa kawaida ndiyo chumba cha kulala.

Ni kitu kizuri. Nasema kweli. Kwa binamu mwenye barabara za Texas, pikapu kama ndovu na uwanja wa kuegesha mashua tatu, namwambia hongera. Lakini mlete hapa.

Matrela makubwa ya Marekani mengi yana upana wa futi 8 na nusu, yaani mita 2.59. Sheria ya hapa inaishia mita 2.55. Mtasema sentimita nne ni nini. Sheria haina jicho la huruma. Uzito nao: mengi yanazidi tani 4, na leseni ya kawaida ya gari dogo hapa inakuruhusu kuvuta trela lisilozidi kilo 3,500, hata baada ya masharti kulegezwa Desemba 2021. Umeme wao ni volti 120, wetu 230. Na hili la mwisho ndilo linalonichekesha: wao wanaendesha kulia, kwa hiyo mlango wa trela lao uko upande wa kulia, unafunguka kuelekea kando ya barabara. Sisi hapa tunaendesha kushoto, kama nyumbani. Ukisimama pembeni ya njia, mtoto akifungua mlango anatua barabarani kwenye magari.

Yapo machache yaliyotengenezwa kwa vipimo vya huku, siyakatai. Lakini bado unahitaji pikapu la kulivuta. London tangu tarehe 29 Agosti 2023 wilaya zote ziko ndani ya eneo la tozo ya moshi: gari la dizeli lisilofikia kiwango cha Euro 6 linalipa pauni 12.50 kwa kila siku linapotembea. Mapikapu ya bei nafuu mengi ni dizeli za zamani. Utalipa tozo hata ukienda nayo kununua mkate.

Halafu mjue chumba cha kulala cha trela hilo kiko juu, kwa ngazi, na kwenye mengi yao dari ya huko ni ya kuinamisha kichwa. Mama na magoti yake apande ngazi saa nane za usiku? Hapana.

Kwa hiyo sisi ni karavani ya kawaida, ya kufungwa kwenye ndoano nyuma ya gari. Hapo sisi kaya tatu hatuna ubishi. Ubishi uko kwenye ramani ya ndani.

UGONJWA WETU WA SEBULE

Mwezi Februari na Oktoba kuna maonyesho makubwa ya karavani kule Birmingham, kwenye kumbi za NEC. Ukiingia humo utachanganyikiwa. Kila karavani taa zimewashwa, mito imepangwa, kuna bakuli la malimau ya plastiki mezani na glasi mbili za mvinyo. Watu wanaingia, wanakaa kwenye makochi ya mbele, wanatazama dirisha kubwa, wanasema "aah", wanatoka. Wanaofungua mlango wa choo wakakaa ni wachache sana. Anayelala kitandani na viatu mkononi ajaribu kujigeuza simjui, labda mimi.

Sisi watu wa pwani ugonjwa huu tunao kuliko wao. Nyumba zetu tunazichagulia sebule. Makochi yamevishwa vitambaa, kabati la vyombo lina kufuli, na wenye nyumba wenyewe tunashinda uani kwenye kigoda. Sebule ni ya mgeni. Kwenye nyumba ya tofali unaweza kuishi hivyo kwa sababu ua upo. Karavani haina ua wa kukuokoa mvua ikinyesha. Ni chumba kimoja chenye upana wa mita mbili na kidogo. Kila unachompa mgeni wa kufikirika, unamnyang'anya mtu wa kweli aliyelala humo.

Basi msimamo wangu ni huu: ramani ya karavani isomwe kuanzia chooni, jikoni na vitandani, na sebule isomwe mwisho. Na isomwe usiku, siku ya mvua, watu wote wakiwa ndani.

MASWALI YANGU

La kwanza, nani analala kwanza? Watu wengi wanasema kitanda cha kudumu, kile kisichokunjwa, wapewe wakubwa kwa heshima yao. Mimi nasema wapewe watoto. Watoto wanalala saa mbili. Kama kitanda chao ndiyo makochi ya sebuleni, basi saa mbili sebule imekufa, na ninyi wakubwa mtakaa wapi? Mtakaa nje kwenye mvua au mtalala saa mbili kama kuku. Mtoto akiwa na kitanda chake cha ghorofa nyuma, na pazia lake, wakubwa wanabaki na meza, chai na mazungumzo. Anayelala mwisho ndiye atandike.

La pili, njia ya chooni inabaki wazi? Hapa ndipo ramani nyingi zinapoanguka. Makochi mawili ya mbele yanayotazamana, ukiyaunganisha kuwa kitanda kikubwa, yanaziba upana wote. Atakayelala upande wa dirishani anatoka kwa kumruka mwenzake. Lakini kochi lenye urefu unaozidi mita 1.8 ni kitanda cha mtu mmoja bila kuunganisha chochote. Yakiwa mawili, katikati panabaki njia. Hapo Mama analala kochi moja, anaweka miguu chini, anatembea moja kwa moja. Nendeni na futi ya fundi mpime, msikubali neno la muuzaji. Yuko mmoja, simtaji, aliniambia kochi "linamtosha mtu mzima yeyote". Nilipima mita 1.65. Mtu mzima wake huyo sijui ni nani.

La tatu, vitu vilivyolowa vinapita wapi? Uingereza si nchi ya kupanga safari kwa picha ya jua. Watoto watano wakirudi kutoka ufukweni na viatu vya mchanga na makoti yanayochuruzika, unataka mlango, mahali pa viatu na bafu viwe karibu. Kama bafu liko mwisho kabisa na mlango uko mbele, tope litatembea nyumba nzima na kupita juu ya mahali pa kuswalia.

La nne, jiko linapika chakula chetu? Karavani nyingi zimeundwa na watu wanaopasha moto maharage ya kopo. Mimi nataka mahali pa kukandia chapati na nafasi ya kusonga ugali kwa mikono miwili bila kiwiko kugonga kabati. Dirisha liwe karibu na jiko, na kofia ya kutolea moshi iwepo, maana ukikaanga samaki humo ndani, mto wako utakukumbusha wiki nzima.

La tano, ikiwa imefungwa kwa safari unaifikia? Hili linahusu zaidi matrela yenye kuta za kusukuma nje, kama la binamu. Kwenye picha kuta zimesukumwa na sebule ni uwanja wa mpira. Mwombe muuzaji azirudishe ndani, kisha ujaribu kufika chooni na kwenye friji. Mkisimama njiani kumbadilisha mtoto au kutoa dawa ya Mama ya sukari, hamtaanza kusukuma kuta kwenye kituo cha mafuta. Na hapa hairuhusiwi mtu kukaa ndani ya karavani inapovutwa, kwa hiyo kila kitu kitafanyika kwa dakika chache za kusimama.

La sita ni uzito, nao pia ni ramani. Kila karavani ina uzito wake ikiwa tupu na uzito wa mwisho unaoruhusiwa. Tofauti ya hizo namba mbili ndiyo mzigo wenu, na mara nyingi ni kilo mia na kitu tu. Hesabuni: betri, hema la pembeni, mfuko wa mchele kilo 20, sufuria zetu zile, maji lita moja kilo moja. Imekwisha. Tena mzigo mzito ukae chini, juu ya ekseli au karibu nayo. Kabati kubwa la nyuma linavutia machoni, lakini ukilijaza, karavani inaanza kuyumba mkia kwenye barabara kuu, na mkia ukishapata kasi, dereva anakuwa abiria. Wanaofundisha uvutaji wanashauri kwa anayeanza karavani isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linaloivuta. Na mwendo ni maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu, 50 kwenye barabara ya njia moja moja. Kwa kilomita ni kama 96 na 80.

WANAONIPINGA

Shemeji yenu anataka ramani yenye kitanda kikubwa cha kudumu nyuma, kinachozungukwa pande zote kama cha hotelini, na bafu pana katikati. Hoja yake si ya kipuuzi. Anafanya kazi za usiku, mgongo unamuuma, na kutandika kitanda kila siku ukiwa likizo anasema ni kubeba boksi kwa mara ya pili. Pia anasema ramani hiyo inauzika haraka siku tukitaka kuiacha.

Namjibu hapa mbele ya mashahidi. Kitanda hicho kinakula karibu theluthi ya nyumba, na mchana hakifanyi kazi yoyote isipokuwa kubeba makoti. Na kwa kawaida ramani hiyo inalaza wanne. Sisi ni watu wazima wawili, watoto watatu na Mama. Hesabu haikubali. Wastaafu wawili wakiniuliza, nitawaambia wachukue hiyo hiyo ya shemeji yenu na wasijutie. Ramani nzuri ni ile inayowafaa watu watakaolala ndani mwaka huu, na wetu tunawajua kwa majina.

Kaya nyingine inataka bafu lichukue upana wote wa nyuma. Ni raha, nakubali, unajikausha bila kugonga ukuta. Lakini vitanda vya ghorofa vitakosa mahali, na tunarudi kwenye watoto kulala sebuleni.

Kura yangu: vitanda vya ghorofa nyuma na bafu dogo la kona kando yake; katikati jiko upande mmoja, na upande wa pili meza ya pembeni inayokunjwa kuwa kitanda cha wakubwa huku njia ikibaki; mbele makochi mawili marefu, moja la Mama. Haipendezi kwenye picha. Hakuna atakayeingia akasema "aah".

Pia kwa wanaotaka kuiga: karavani iliyotumika ipimwe unyevu kwa kifaa, hasa pembeni mwa madirisha na kwenye kona, maana maji yakishaingia ukutani mbao huoza kimyakimya. Na namba yake ya chasisi ihakikiwe kwenye daftari la CRiS, linalosajili karavani zilizotengenezwa kuanzia 1992, msije mkanunua mali ya wizi. Na kwa vijana wanaoniuliza kama unaweza kukimbia kodi ya nyumba London kwa kuhamia humo: siyo rahisi. Mwenye kiwanja cha karavani anahitaji leseni ya halmashauri, sheria ni ya mwaka 1960, na viwanja vya likizo vinakutaka uwe na makazi yako kwingine. Karavani ni ya kutoka, siyo ya kujifichia.

SASA PONGWE

Kaka, nimeiona ramani uliyoituma. Sebule ya seti mbili za makochi, baraza la nguzo nne, chumba cha wageni chenye bafu lake. Na Mama? Chumba chake kiko mwisho wa korido, choo anachokitumia kiko uani, ngazi tatu chini. Jiko liko mbali na kila mtu, na ndipo anaposhinda.

Sikulaumu, fundi amekuchorea kinachochorwa kila mahali. Lakini kabla zege halijamwagwa, fanya nilichofanya mimi na karavani. Nilibandika utepe kwenye sakafu ya ukumbi wetu wa jumuiya, kwa vipimo halisi, nikawaambia watoto walale kwenye vitanda vya utepe na mtu mzima apite kwenda chooni. Dakika tano tu, ramani mbili zikaanguka zenyewe. Wewe una uwanja na unga wa chokaa. Chora nyumba chini, mwite Mama, mwambie atembee: atoke kitandani aende chooni, atoke jikoni aende kibarazani, achukue ndoo. Usimwongoze. Mtazame anapopinda, anaposimama, anapotafuta kitu cha kushika.

Kisha hamisha choo. Sebule ikipungua mita moja, mgeni atakaa na atakunywa chai yake bila kujua kilichokosekana.

Kaya zetu tatu zinapiga kura Jumapili ijayo. Fungu la Pongwe nitalituma nikipata picha ya chokaa, siyo ya rangi ya baraza. Mwenye hoja ya kunipinga aseme sasa, hasa wewe binamu wa Texas, ila kwanza rudisha ndani kuta za trela lako uniambie kama unafika chooni.

Naomba kuwasilisha.